Nina sufuria moja na shilingi 1,000 kwa wiki, tutakula nini?

Mama, pokea salamu zangu kutoka Nyalenda, Kisumu.

Mimi ni kijana wa miaka 23, kwetu ni Vihiga. Naishi chumba kimoja na mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa mjini. Mama yetu yuko nyumbani na wadogo wetu wawili. Kazi yangu ni kibarua cha mjengo: kuchanganya simiti, kubeba mawe, chochote fundi atakachosema. Siku nikiitwa napata shilingi 600. Kuna wiki naitwa siku nne, kuna wiki mbili, lakini nyingi huwa tatu. Nikishatoa kodi, maji na kidogo cha kumtumia mama, cha kula kinachobaki ni kama shilingi 1,000 kwa wiki, na tuko wawili.

Hizo pesa hazimalizi wiki. Siku ya kibarua, asubuhi tunanunua mandazi manne ya kumi kumi na kupika chai ya rangi. Mchana mimi nakula chapati mbili na madondo, yaani maharagwe, kibandani kwa shilingi 80, kwa sababu mjengo haufanyiki na tumbo tupu. Jioni napita dukani: unga robo mbili, 50, mafuta ya kupima, 20, sukuma, 20, nyanya na kitunguu, 20, makaa kopo moja, 50. Siku isiyo na kazi tunashinda na chai, na jioni nakopa unga. Deni la duka limefika 740.

Kinachoniuma zaidi ni huyu kijana. Muhula huu sijaweza kumlipia chakula cha mchana shuleni. Wenzake wakipanga laini, yeye hubaki darasani akijifanya anasoma. Aliniambia hivyo mwenyewe, tena bila kulalamika.

Vyombo nilivyo navyo ni sufuria moja ya lita tatu hivi isiyo na kifuniko, jiko la bati, sahani mbili, bakuli, vikombe viwili, kisu na ndoo mbili. Sina mwiko. Ugali nausonga kwa kijiko na unatoka na madonge. Nyumbani dada zangu ndio walipika, kwa hiyo ninachojua ni ugali, sukuma na chai. Rafiki yangu wa mjengo ananiambia mtu hawezi kujipikia kwa bei nafuu bila gesi na vyombo kamili, kwamba nichukue mkopo wa simu wa 5,000 ninunue mtungi wa kilo 6 na seti ya sufuria. Mwingine ananiambia niende soko la Kibuye, ambako gorogoro ya mahindi, lile kopo la kupimia la kilo mbili hivi, ni 100 na ya maharagwe ni 280, wakati dukani kwetu pakiti ya unga ya kilo mbili ni 160. Lakini gorogoro ya mahindi nitaifanyia nini na sufuria moja?

Nikope, au niendelee hivi hivi hadi kazi ipatikane vizuri? Naomba unishauri.

Kaka Mkubwa, Nyalenda

*

Mwanangu, usichukue huo mkopo.

Naanza hapo kwa sababu simu iko mfukoni na mkopo wa namna hiyo huingia kabla mtu hajafikiri mara mbili. Gesi ni nzuri, siipingi. Haina moshi na inawaka mara moja. Lakini mtungi hujazwa kwa pesa ya mkupuo, na pesa yako haiji kwa mkupuo. Inakuja 600 leo, kesho hakuna. Gesi ikiisha katikati ya mwezi utabaki na mtungi mtupu pembeni ya kitanda, deni la simu linaloongezeka, na jiko lile lile la bati. Rafiki yako anakutakia mema, lakini vyombo haviwalazi njaa. Kinachowalaza njaa ni jinsi pesa inavyotoka.

Nimeisoma barua yako huku nikiandika hesabu pembeni. Siku ya kibarua mnakula karibu shilingi 300. Siku ambazo hakuna kazi mnakula deni. Kwa hiyo wiki ya siku tatu za kazi, zile siku tatu peke yake zimemeza karibu 900, na siku nne zilizobaki zimeachiwa mia moja. Tazama tena unga. Robo kilo ni 25, maana yake kilo mbili unazilipia 200, na pakiti ile ile dukani ni 160. Ukinunua gorogoro ya mahindi kwa 100 na kuipeleka kusagwa, unga wa takriban kilo mbili hautapita 120. Mafuta nayo: 20 kila jioni ni 140 kwa wiki. Nusu lita ya shilingi 150, ukiitoa kwa kijiko cha mezani, vijiko viwili kwa siku, itafika wiki mbili. Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote, na hilo linanikasirisha kila ninapoliona, kwa sababu wanaolipa hivyo ni wale wasio nacho.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba halihusu kupika. Siku ya kwanza ya kazi katika wiki, kabla hujapita kibandani wala dukani, nunua mahindi. Siku ya pili nunua maharagwe na mafuta. Siku ya tatu nunua omena, yaani dagaa, na makaa. Mboga peke yake ndiyo ya kununua siku kwa siku. Chakula cha Jumamosi isiyo na kazi kiwe kimeshaingia nyumbani Jumatatu, kikiwa kikavu, kwenye ndoo yenye mfuniko, panya asikione.

Kwa bei ulizoniandikia, wiki inaweza kwenda hivi: mahindi gorogoro tatu, mbili za kusaga na moja ya kuchemsha, 330 pamoja na mashine; maharagwe nusu gorogoro, 140; omena za 80; mboga 20 kwa siku tano, 100; mafuta 75; makaa 230, na nitakueleza yatakavyoshuka kutoka 350 unazotumia sasa. Hapo zimebaki 45 za vitunguu, chumvi na majani. Sukari itakuwa adimu na nyanya zitakuwa za siku chache. Lakini hesabu hiyo ina siku saba ndani yake, na mchana wa mdogo wako umo.

Ukifika Kibuye, usichukue mahindi kwa sababu tu ni rahisi. Chota kiganjani, yanuse, yaume. Yaliyokauka hulia kwenye meno. Yaliyoingia ukungu, yenye rangi ya kijani au nyeusi penye kiini au harufu ya uvundo, yaache hata ukiuziwa kwa nusu bei. Ukungu huo huacha sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo haitoki kwa kuoshwa, kusagwa wala kupikwa. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 katika eneo la mashariki, wengi wao Makueni na Kitui. Maharagwe nayo uliza kama ni ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani muda mrefu hula makaa mara mbili na bado yanabaki magumu.

Sasa tuje kwa sufuria yako.

Sufuria moja inatosha kuanza, lakini sufuria isiyo na kifuniko haitoshi. Kila mvuke unaopanda juu ni makaa uliyolipia. Leo hii, kabla hujanunua chochote, funika kwa sahani. Kisha, ile wiki utakayoitwa siku nne, hiyo siku ya nne ndiyo inunue vifaa, na kwa utaratibu huu: mwiko kwanza, maana ni wa bei ndogo na ndio utakaoondoa madonge kwenye ugali. Halafu sufuria ya pili, ya kina kifupi kuliko ya kwanza, kiasi kwamba makalio yake yanakaa juu ya mdomo wa ile kubwa. Nenda nayo ile kubwa ukapime pale pale kwa mafundi wa jua kali, usikisie. Hiyo ndogo itakuwa kifuniko na chombo kwa wakati mmoja: wakati maharagwe yanachemka chini, maji yanapata joto juu, na ukifika wakati wa kusonga ugali hayaanzi baridi. Baadaye kabisa, jiko la bati likitoboka, nunua lile lenye udongo ndani. Jiko hilo limetumika Kenya tangu miaka ya 1980 na linatunza moto vizuri zaidi kuliko la bati tupu.

Chombo kingine usinunue, kitengeneze. Nilipofundisha sayansi kimu tulikiita jiko kapu. Tafuta boksi la karatasi au kikapu kipana kinachoweza kuingiza sufuria na nafasi ya vidole vinne kila upande. Jaza chini na pembeni kwa vitambaa vikavu: blanketi kuukuu, sweta lililochanika, gunia lililooshwa. Acha shimo la sufuria katikati. Tengeneza na mto wa kufunika juu, hata kama ni suruali ya zamani iliyojazwa matambara na kushonwa mdomo. Basi, umemaliza. Kapu halitoi moto, linazuia moto uliopo usitoke.

Siku usiyo na kibarua ndiyo siku yako ya kupika maharagwe. Usiku wa kuamkia siku hiyo chambua nusu ya maharagwe yako, toa mawe, osha, loweka kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga hayo maji, weka mapya yapite maharagwe kwa kina cha vidole viwili, funika, yaweke motoni. Yakianza kutokota usiyaondoe. Yaache yatokote kwa nguvu nusu saa nzima. Hapa nasisitiza: maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko mkali usiopungua dakika 10. Moto wa uvuguvugu hauivunji, na mtu aliyekula maharagwe yaliyopashwa tu bila kutokota atatapika hadi ajute. Baada ya nusu saa usifunue. Shika sufuria kwa kitambaa, iingize kwenye kapu ikiwa bado inanguruma, bana mto juu, uende zako. Mdogo wako anaweza kufua, wewe unaweza kwenda kuuliza kazi. Baada ya saa tatu hadi nne toa, bonyeza punje moja kwa vidole. Ikisagika, rudisha motoni yachemke tena kidogo kabla ya kula. Ikigoma, yachemshe dakika 10 nyingine na kuyarudisha. Nyanya usiitie mpaka yameiva, kwa sababu uchachu huzuia ngozi ya haragwe kulainika.

Ukiyatoa motoni kuingia kapuni, makaa bado yapo mazima, na huo ndio wakati wa kuyaokoa. Usiyamwagie maji. Yakamate kwa koleo, yaingize kwenye kopo la bati na ulifunike kabisa. Yatakosa hewa yazimike, na jioni yatawaka upesi kuliko mapya. Kwa kifuniko, kapu na hilo kopo, makaa ya 350 yanaweza kushuka mpaka karibu 230.

Hamna friji, na joto la Kisumu unalijua. Kwa hiyo usipike maharagwe ya wiki. Pika ya siku mbili, mara mbili kwa wiki. Yaweke matupu, bila nyanya wala kitunguu, yachemshe asubuhi na jioni hata kama hamli, na usichovye kijiko kilichotoka mdomoni. Yakitoa povu na harufu ya uchachu, yamwage. Najua uchungu wa kumwaga chakula, lakini mtu wa mjengo akiendesha siku mbili amepoteza 1,200.

Hayo maharagwe sasa ni mlo wa aina nyingi. Jioni ya kwanza yakaange kwa kitunguu na vijiko viwili vya mafuta, ule na ugali. Yaliyobaki yawe nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ya kubeba. Mahindi makavu ni magumu kuliko maharagwe: yaloweke usiku kucha pia, yatangulie motoni kama saa moja, ndipo hayo maharagwe yaliyokwisha kuiva yaingie, na vikitokota tena vyote viende kapuni pamoja. Alfajiri ichemshe ile nyoyo mpaka mvuke utoke, mwaga supu, tia chumvi, jaza makopo mawili yenye vifuniko. Moja liende mjengoni, moja liende shuleni. Ikiwa kavu namna hiyo na imefungwa ya moto, itafika saa sita mchana salama. Sasa hizi 80 za chapati na madondo umezirudisha mfukoni, na maharagwe ni yale yale uliyokuwa ukinunua kibandani.

Siku ambayo huna subira ya maharagwe, nunua ndengu. Bei yake kwa gorogoro huwa juu, lakini haihitaji kulowekwa na inaiva chini ya saa moja, kwa hiyo ukihesabu na makaa haziachani sana. Tena ndengu inafaa sufuria moja kuliko chochote. Ikikaribia kuiva, tia chenga za mchele wa Ahero kwenye sufuria hiyo hiyo, chumvi, kitunguu kilichokatwa, maji kiasi, funika. Huo ni mseto, na kwa chenga unalipa kidogo kuliko mchele mzima na zinaiva upesi. Mseto ule uliwe siku hiyo hiyo. Wali uliolala kwenye joto huumiza tumbo hata usiponuka.

Kuhusu ugali. Maji yachemke kabisa kwanza. Tia unga kiganja kimoja, koroga, uache uwe kama uji mwepesi unaotokota. Ndipo utie unga wa pili, usonge kwa mwiko ukiubana ukutani mwa sufuria, ugeuze, ubane tena. Punguza moto, funika, uache uive. Unga wa mashine unataka muda kuliko wa pakiti nyeupe, na usipoupa muda huo utausikia mbichi kooni. Mboga itangulie kupikwa, uimimine kwenye bakuli na kuifunika kwa sahani, kisha ugali ufuate kwenye sufuria ile ile bila hata kuiosha sana. Kiporo cha ugali kifunge, asubuhi ni chakula kamili na chai. Wewe umetoka Vihiga, hilo sikufundishi.

Na kwa kuwa umetoka Vihiga, kwa nini kila siku sukuma? Mrenda hauhitaji mafuta kabisa. Maji kidogo yachemke, chembe ya magadi, mrenda uliochambuliwa pamoja na kiganja cha majani ya kunde, dakika chache tu, chumvi, umemaliza. Magadi yawe chembe kweli, maana yakizidi yanaharibu vitamini na ladha pia. Managu, saga na terere, mboga nyingine za kienyeji, hupatikana kwa akina mama wanaouza Kibuye, na mvua ikinyesha fungu huwa kubwa kwa pesa ile ile. Nenda jioni. Mama ambaye hataki kurudi nyumbani na mboga iliyonyauka atakuongezea bila kuombwa.

Omena ndiyo nyama yenu. Mnaila nzima, na mifupa yake, kwa hiyo kijana wa kidato cha tatu anayeendelea kurefuka anapata kalisi ambayo kipande cha nyama hakimpi. Wengi huikataa kwa sababu walilishwa iliyopikwa na mchanga. Ipepete kwanza, imwagie maji ya moto, isugue polepole kwa kiganja, uyamwage, urudie mpaka usione mchanga chini ya bakuli. Ikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto kabla ya kutia mafuta, itatoa ile harufu na kuwa ngumu vizuri. Halafu kitunguu, nyanya moja, chumvi. Kiganja kimoja kinatosha watu wawili wenye ugali. Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena husimamishwa ili samaki wazaane na bei hupanda, kwa hiyo Machi ukiwa na pesa ya ziada iweke kwenye omena kavu.

Upande wa Obunga kuna mgongo wazi, yale mafupa ya samaki aina ya mbuta yanayobaki viwanda vikishatoa minofu. Kuna watu wanaona aibu kuonekana wanainunua. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Kichwa na mgongo uliokaangwa vizuri, ukichemshwa na kitunguu na nyanya, hutoa mchuzi wa kushibisha, na nyama iliyojificha karibu na kichwa ni nyingi kuliko unavyodhani. Nunua uliokaangwa siku hiyo, uchemshe tena ukifika nyumbani.

Asubuhi acheni mandazi. Mandazi manne ni 40, nayo njaa hurudi saa nne. Pikeni uji wa unga ule ule wa mashine. Changanya unga na maji kwenye kikombe tangu jana jioni, ufunike, uchachuke kidogo, kisha asubuhi umimine kwenye maji yanayochemka na kukoroga. Uchachu huo unaufanya uji unyweke bila sukari nyingi. Viazi vitamu vikiwa vingi sokoni, vile vinavyotoka Kabondo, vichemsheni na maganda yake usiku na mle asubuhi.

Kuna jambo moja nataka ulisome mara mbili. Mnaishi chumba kimoja na mnapikia makaa. Pikia nje, au mlangoni, na mlango na dirisha vikiwa wazi. Usiku wa mvua na baridi usiingize jiko lenye moto ndani mkalala nalo, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala moshi wa kuonya. Watu hulala nayo na hawaamki. Ukishapika, makaa yaende kwenye kopo, jiko libaki nje.

Kuhusu deni la 740, nenda kwa mwenye duka kabla hajakuita. Mwambie hutakopa tena na kwamba utampa 200 kila wiki ya siku nne. Pesa hiyo itoke kwenye malipo ya siku ya nne, kabla ya vifaa, maana zile 1,000 za chakula zimeshapangiwa kazi zote. Kama wiki ni ya siku tatu au mbili, mwambie ukweli na usimpe kitu. Mahindi ya ndani ndiyo yanayotangulia.

Na huyo mdogo wako. Umemlinda kwa kunyamaza, naye amekulinda kwa kunyamaza, nyote wawili mnalala na njaa kwa heshima. Mketishe umwonyeshe hesabu hii yote, shilingi kwa shilingi. Ana umri wa kuelewa. Kuchambua maharagwe, kuyaloweka usiku na kupepeta omena kuwe kazi yake, na kupika mpike kwa zamu. Dada zenu walipika kwa sababu ndivyo mlivyolelewa, si kwa sababu mikono yao ni tofauti na yenu. Kisha siku isiyo na kibarua oga, vaa shati safi, uende shuleni umwone mwalimu wa darasa lake. Usiende kuomba msamaha. Mwambie: mimi ndiye ninayemlea, pesa ya chakula cha mchana sijaipata, atakuwa akija na chakula kutoka nyumbani, naomba aruhusiwe kula na wenzake, na kama kuna msaada wa karo nielekezwe pa kuomba. Walimu wengi hawajui mtoto anashinda njaa kwa sababu hakuna aliyewaambia, na wengi wakijua hutafuta njia. Uliza pia ofisi ya chifu wako kuhusu basari zilizopo, maana fomu hutolewa kwa msimu na anayechelewa hukosa.

Jumapili Kibuye hujaa kuliko siku zote. Ukiwa na 600 za Jumamosi mfukoni, anza na gorogoro tatu za mahindi, mashine ya kusaga upitie ukirudi.